Feni Inanguruma, Upepo Hautoki: Kutafuta Chanzo katika Kiyoyozi cha Gari la Zamani

Swali: Gari langu ni saluni lenye umri wa zaidi ya miaka 20. Ninapowasha kiyoyozi na kuweka feni kwenye spidi ya mwisho, naisikia ikinguruma kwa nguvu nyuma ya dashibodi, lakini upepo unaotoka kwenye matundu ni mdogo mno, ingawa huo mdogo ni wa baridi. Nikiendesha kwa muda mrefu hupungua zaidi, na nikizima kiyoyozi kwa muda kisha nikakiwasha tena, hurudi kidogo. Nimeongezewa gesi mara mbili bila mafanikio. Je, tatizo ni nini, nami nianzie wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kuieleza hali ya gari lako kwa utaratibu, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu tayari imo ndani ya swali lako. Umesema kwamba hewa inayotoka ni ya baridi, kwamba feni inasikika ikifanya kazi, na kwamba upepo hufifia kadiri safari inavyorefuka. Mambo hayo matatu, yakiwekwa pamoja, yanaelekeza kidole mbali na gesi. Yanaelekeza kwenye njia ambayo hewa hupitia kutoka nje ya gari hadi usoni pako, na katika njia hiyo ndimo tutakamotafuta.

Kiyoyozi cha gari kina mifumo miwili inayofanya kazi bega kwa bega. Mfumo wa kwanza ni wa gesi, yaani kompresa inayoisukuma gesi ya kupoza, kondensa inayotoa joto nje, kikaushio kinachonyonya unyevu, valvu ya upanuzi inayoipunguzia gesi shinikizo, na evaporeta inayopokea joto la hewa ya ndani, na kazi yake ni kuondoa joto tu. Mfumo wa pili ni wa upepo, yaani tundu la kuingizia hewa chini ya kioo cha mbele, chujio la hewa ya ndani, feni pamoja na mota yake, vibao vinavyoelekeza hewa, na mabomba ya plastiki yanayoishia kwenye matundu ya dashibodi. Mifumo hiyo hukutana mahali pamoja, kwenye evaporeta, ambako hewa hupita katikati ya mapezi membamba ya alumini yaliyopozwa na gesi. Gesi haisukumi upepo hata kidogo. Mfumo wa gesi ukiwa mtupu kabisa, upepo unapaswa kutoka kwa nguvu ileile, ila utakuwa wa joto.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo hili la gesi, kwa sababu ndilo linalowagharimu wenye magari ya zamani zaidi ya hitilafu yenyewe. Fundi anapounganisha geji zake, husoma shinikizo la upande wa chini, yaani gesi inaporudi kwenye kompresa, na la upande wa juu, yaani inapotoka humo. Shinikizo la upande wa chini hutegemea kiasi cha joto ambacho gesi inapokea ndani ya evaporeta, na joto hilo huletwa na hewa inayosukumwa na feni. Hewa ikiwa kidogo, gesi haipati joto la kutosha kuichemsha, kwa hiyo shinikizo la upande wa chini hushuka, na mshale wa geji husimama mahali ambapo ungesimama kama gesi ingekuwa imepungua. Fundi asiyeanza kwa kupima upepo huamini geji, huongeza gesi, na gari huondoka likiwa na gesi iliyozidi kipimo, huku upepo ukiwa uleule. Gesi iliyozidi hupandisha shinikizo la upande wa juu, huitwisha kompresa mzigo usio wake, na mwishowe hupunguza hata ule ubaridi uliokuwepo. Kwa kuwa umeongezewa mara mbili, ninahofia kwamba gari lako limekwisha kufikia hali hiyo, nami nitalirudia jambo hilo tukimaliza na upepo.

Anza na majaribio ambayo hayahitaji kifaa chochote. Washa injini, funga madirisha yote, fungua matundu yote ya dashibodi, elekeza hewa usoni, kisha weka feni kwenye spidi ya mwisho huku kitufe cha kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Tunakizima ili barafu isije ikatuchanganya. Chukua kipande chembamba cha karatasi laini na ukishike mbele ya tundu la katikati, uone kinavyopeperuka, kisha ufanye hivyo kwenye matundu ya pembeni. Ukiwa na gari jingine la kulinganisha nalo, itakuwa vyema zaidi, kwa sababu mtu aliyezoea upepo hafifu kwa miaka husahau upepo wa kawaida ulivyo.

Katika hali hiyo, sikiliza sauti ya feni kwa makini. Feni ya ndani ya gari ni pangaboi la umbo la pipa lenye vibamba vingi vidogo kuzunguka ukingo wake, na pangaboi la aina hii lina tabia ambayo watu wengi hawaitarajii: njia ya hewa ikizibwa, mota hupunguziwa mzigo, kwa hiyo huzunguka kwa kasi zaidi na sauti yake hupanda. Umeme ukiwa hafifu au mota ikiwa imechoka, pangaboi huzunguka polepole na sauti huwa nzito na ya chini. Kwa hiyo sauti kali yenye upepo mdogo ni dalili ya kuziba, na sauti ya uvivu yenye upepo mdogo ni dalili ya umeme au mota. Wewe umesema inanguruma kwa nguvu, na hilo ninalipa uzito mkubwa.

Sasa badilisha mwelekeo wa hewa, kwanza miguuni, kisha kwenye kioo cha mbele. Ikiwa upepo ni hafifu usoni lakini una nguvu miguuni au kwenye kioo, basi feni, chujio na evaporeta havina hatia, kwa sababu hewa yote hupita humo kabla ya kugawanywa, na tatizo liko kwenye kibao cha kuelekeza hewa au kwenye bomba linalokwenda dashibodini. Ikiwa ni hafifu kila mahali, kizuizi kiko kabla ya mgawanyo. Rudisha hewa usoni, kisha ubadilishe kutoka hewa ya nje kwenda kwenye kuzungusha hewa ya ndani. Upepo ukiongezeka kwa kiasi kikubwa, maana yake ni kwamba njia ya kuingizia hewa ya nje imeziba, na mara nyingi ni majani makavu yaliyojaa chini ya zile grili za plastiki zilizo karibu na waipa. Ongezeko dogo pamoja na kelele zaidi ni jambo la kawaida kwa magari mengi, lisikutie wasiwasi.

Jaribio la mwisho ukiwa bado kwenye kiti ni la kuteremsha dirisha moja kwa upana wa vidole vichache, huku ukitumia hewa ya nje. Hewa haiwezi kuingia mahali pasipo na pa kutokea, na kwa sababu hiyo kila gari lina matundu yenye vifuniko vyepesi vya mpira upande wa nyuma, aghalabu yamefichwa ndani ya buti au nyuma ya bampa. Magari ya zamani yaliyowahi kugongwa nyuma na kunyooshwa wakati mwingine huwa na matundu hayo yamezibwa kwa rangi, kwa silikoni au kwa zulia la buti lililorudishwa vibaya. Upepo ukiongezeka waziwazi mara tu unapofungua dirisha, kachunguze huko nyuma kabla ya kufungua dashibodi.

Baada ya majaribio hayo, tafuta chujio la hewa ya ndani. Katika magari mengi liko nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria, na hutolewa kwa kulegeza droo na kuvuta kifuniko chembamba cha plastiki; katika mengine liko chini ya grili ya waipa. Kwa kawaida linapaswa kubadilishwa kila baada ya kilomita 15,000 hadi 20,000, au mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi kwa anayeendesha kwenye vumbi. Nimeona machujio yaliyokaa muda mrefu kiasi kwamba yamepinda katikati na kufyonzwa kuelekea kwenye feni, mikunjo yake ikiwa imejaa vumbi la kijivu, manyoya na mabawa ya wadudu. Ili kujiridhisha, litoe kabisa na urudie jaribio la karatasi bila chujio kwa dakika moja au mbili. Upepo ukirudi, umepata jibu lako kwa kazi ndogo sana. Usiendelee kuendesha bila chujio baada ya jaribio, kwa maana kila kitu ambacho lingekizuia kitaenda kukaa kwenye evaporeta.

Lipo jambo linalopasa kuangaliwa hapa kwa gari la umri kama wa lako. Magari mengi ya miaka ya 1990, na baadhi ya yale ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, yalitoka kiwandani bila chujio. Mengine yana nafasi yake iliyotengenezwa vizuri, lakini ndani ni tupu, au kifuniko hakijakatwa bado. Kama utafungua na kukuta patupu, usifurahi kwamba hakuna kizuizi. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 20 hewa yote iliyoingia ndani ya gari ilichujwa na evaporeta yenyewe.

Hatua inayofuata ni kuitazama feni. Zima gari na utoe ufunguo. Kama utalazimika kufungua sehemu zilizo karibu na mfuko wa hewa wa abiria (airbag, ule unaofutuka gari likigongwa), tenganisha waya hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote, kwa sababu mfumo wa mifuko hiyo huhifadhi umeme kwa muda hata betri ikiwa imetenganishwa. Mota ya feni kwa kawaida hufungwa chini ya dashibodi upande wa abiria kwa skrubu tatu hivi, na hushuka pamoja na pangaboi lake. Litazame pangaboi hilo kwenye mwanga. Kila kibamba kina umbo la kijiko chembamba, na nguvu ya kusukuma hewa inatokana na umbo hilo. Vumbi likiganda ndani ya kijiko hadi kukijaza, kibamba hugeuka kuwa ukingo butu unaozunguka bila kubeba hewa, na mota itanguruma vilevile. Lisafishe kwa brashi laini na maji ya sabuni baada ya kulitenganisha na mota, ulikaushe, kisha uhakikishe kwamba hujaking'oa kibano kidogo cha chuma ambacho wakati mwingine huwekwa ili lizunguke bila kutetemeka.

Ukiwa umeishika mota mkononi, zungusha mhimili wake kwa vidole. Unapaswa kuzunguka kwa wepesi na kuendelea kidogo baada ya kuuacha. Ukikwama, ukisaga au ukichezacheza upande kwa upande, bushi zinazoushikilia zimekwisha. Uliza pia kama mota hiyo iliwahi kubadilishwa. Kosa moja linalojificha kwa miaka ni mota iliyofungwa na waya zikiwa zimegeuzwa, chanya mahali pa hasi. Pangaboi la umbo la pipa likizunguka kinyumenyume bado husukuma hewa kuelekea kulekule, ila kwa nguvu ndogo sana, huku mngurumo ukisikika kama kawaida. Mwenye gari huambiwa mota ni mpya na ni nzima, jambo ambalo ni kweli, kumbe inazunguka upande usio wake. Hali hiyohiyo hutokea mtu anapofunga pangaboi lililotengenezwa kwa mota ya mzunguko wa upande mwingine. Vibamba vinapaswa kukata hewa kwa upande wake wa ndani wa kijiko, si kwa mgongo.

Kuhusu umeme nitaeleza kwa kiasi, kwa sababu dalili zako hazielekei huko, ingawa ni vyema kupima ili usibaki na shaka. Mota ya feni ikiwa kwenye spidi ya mwisho hula umeme mwingi, mara nyingi kati ya ampea 15 na 25, na waya wa zamani wenye kutu kwenye maungio hauwezi kubeba kiasi hicho bila kupoteza nguvu njiani. Chukua mita ya umeme, washa injini, weka feni spidi ya mwisho, kisha upime kwenye plagi ya mota ikiwa imechomekwa. Kama betri inasoma volti 14, plagi inapaswa kusoma karibu na 13 au zaidi. Ikisoma 11 au 10, volti zilizopotea zimekwenda kuwa joto mahali fulani, na kazi yako ni kupima upande wa chanya na upande wa bodi (hasi) kila mmoja peke yake mpaka upate panapozidi nusu volti. Mara nyingi utapakuta kwenye swichi, kwenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) au kwenye plagi ya rezista (kifaa kinachopunguza umeme wa feni) ambayo plastiki yake imebadilika rangi kuwa ya kahawia.

Rezista ndiyo inayotengeneza spidi za chini. Katika magari ya mfumo wa kawaida, spidi ya mwisho huipita rezista bila kuigusa, kwa hiyo feni inayofanya kazi kwenye spidi ya mwisho tu ina rezista iliyokatika, na feni inayofanya kazi kwenye spidi zote isipokuwa ya mwisho ina hitilafu ya rilei, swichi au waya wa spidi hiyo. Anayebadilisha rezista pasipo kuuliza kwa nini iliungua ataibadilisha tena. Hupozwa na upepo wa feni yenyewe, kwa hiyo njia iliyoziba huiunguza, na mota iliyochoka inayovuta ampea nyingi huiunguza vilevile.

Nimeitaja rezista pia kwa sababu nyingine, na hii ndiyo sehemu ninayotaka uisome kwa utulivu. Katika magari mengi, rezista imefungwa kwa skrubu mbili kwenye ukuta wa sanduku la hewa, baina ya feni na evaporeta. Ukiitoa, unabaki na dirisha dogo ambalo kupitia kwake unaweza kuutazama uso wa evaporeta bila kuvunja chochote. Ingiza tochi ndogo na kioo, au kamera ile nyembamba inayounganishwa na simu. Evaporeta safi ina mapezi ya alumini yaliyopangwa wima kwa karibukaribu, yenye kung'aa au kijivu kidogo, na utaona nafasi kati ya pezi na pezi. Evaporeta iliyoziba haionyeshi mapezi kabisa. Utakachoona ni mkeka wa rangi ya udongo uliotandazwa juu ya uso wote, mzito zaidi sehemu ya chini ambako maji hutiririkia, ukiwa na vipande vya majani, nyuzi za zulia, na pengine mabaki ya kiota cha panya.

Sababu ya mkeka huo ni rahisi. Evaporeta inapofanya kazi hulowa, kwa maana unyevu wa hewa hugeuka kuwa matone ya maji juu yake, na vumbi linalopita hunaswa na ule umajimaji. Gari likizimwa, vumbi hukaukia pale pale, na kesho yake safu nyingine huongezeka. Kwa gari lisilo na chujio, miaka 20 inatosha kuifunga njia kwa sehemu kubwa. Upepo hupungua taratibu mno, hivi kwamba hakuna siku ambayo mwenye gari anaweza kusema ndiyo lilipoharibikia.

Hapa ndipo ile dalili yako ya tatu inapopata maelezo. Evaporeta inapaswa kukaa juu kidogo ya nyuzi 0 za Selsiasi. Gesi ya R-134a, ambayo ndiyo inayotumika katika magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi miaka ya 2010, hufikia nyuzi 0 pale shinikizo la upande wa chini linapokuwa takriban psi 28 (paundi kwa inchi ya mraba, kama zinavyosomwa kwenye geji). Hewa kidogo hushusha shinikizo, shinikizo likishuka chini ya hapo na kukaa huko, matone yaliyo juu ya mapezi hugeuka kuwa barafu, barafu huziba nafasi iliyobaki, hewa hupungua zaidi, na barafu huongezeka kwa kasi. Baada ya nusu saa hivi unaisikia feni ikinguruma huku upepo ukiwa umebaki mnong'ono. Ukizima kiyoyozi, barafu huyeyuka na upepo hurudi ulipokuwa mwanzoni, lakini si zaidi ya hapo, kwa kuwa mkeka wa uchafu haujayeyuka.

Unaweza kulithibitisha hilo mwenyewe. Endesha mpaka upepo ufifie, simamisha gari mahali salama, zima kitufe cha kiyoyozi na uiache feni iendelee. Upepo ukiongezeka hatua kwa hatua ndani ya dakika tano hadi kumi, na maji mengi yakidondoka chini ya gari kuliko kawaida, hiyo ni barafu bila shaka yoyote.

Barafu ina vyanzo vingine pia, na fundi mwadilifu hatavisahau. Ipo sensa, au katika magari ya zamani zaidi thamostati yenye mrija mwembamba uliochomekwa katikati ya mapezi, ambayo kazi yake ni kuikata kompresa kabla barafu haijaanza. Mrija huo ukiwa umechomoka wakati wa matengenezo ya zamani, hupima hewa iliyo kando na hauikati kompresa kwa wakati wake. Rilei ya kompresa iliyonata huleta matokeo hayohayo. Gesi iliyopungua nayo hushusha shinikizo na kuleta barafu sehemu ya mwanzo ya evaporeta, na ndiyo maana sisemi kwamba gesi haihusiki kamwe. Ninachosema ni kwamba haipimiki kwa haki kabla upepo haujarudi. Katika gari lako, lililokwisha kuongezewa mara mbili, upungufu ndicho kitu cha mwisho ningekishuku.

Kuhusu usafishaji, kama mkeka ni mwembamba, unaweza kuuondoa kupitia lile dirisha la rezista au kupitia tundu la mota ya feni. Ondoa kwanza kwa mkono na kwa mashine ya kufyonza vumbi kila kinachoweza kutoka kikiwa kikavu, ukiwa umevaa glavu na barakoa, hasa ukikuta kinyesi cha panya. Kisha tumia dawa ya povu iliyotengenezwa kwa ajili ya evaporeta, isiyo na asidi, uiache ilainishe uchafu kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, na uisuuze kwa maji kidogo kwa chupa ya kupulizia. Usitumie maji ya presha, wala brashi ya chuma. Mapezi ya evaporeta hukunjwa hata na ukucha, na yakilala hufunga njia kuliko uchafu ulivyokuwa ukifanya. Kabla ya kupulizia dawa, hakikisha kwamba bomba la kutolea maji chini ya sanduku limefunguka, kwa sababu likiwa limeziba, dawa na uchafu wote vitamwagikia kwenye zulia na kwenye waya. Zulia la abiria lenye unyevu usioeleweka, au sauti ya maji yakicheza ndani ya dashibodi unapokata kona, ni dalili kwamba bomba hilo limekuwa limeziba kwa muda.

Kama mkeka ni mzito kiasi cha kutoona pezi hata moja, ushauri wangu wa dhati ni kutolewa kwa evaporeta. Ni kazi kubwa, kwa kuwa gesi lazima ivutwe kwa mashine na kuhifadhiwa, isiachiliwe hewani, na katika magari mengi dashibodi hulazimika kushushwa. Dawa ya povu kwenye uchafu mzito huulowesha uso tu na kuusukuma uliobaki ndani zaidi, ambako hautafikiwa tena. Sanduku likiwa wazi, badilisha pia valvu ya upanuzi na mipira yote ya maungio, na kikaushio kiwekwe kipya, kwa kuwa kikaushio kilichowahi kukaa wazi hunyonya unyevu wa hewa na kupoteza kazi yake. Sanduku likiwa wazi vilevile, kagua sponji zilizobandikwa kwenye vibao vya hewa.

Sponji hizo zinahitaji neno lake. Huzeeka na kumeng'enyeka, na vipande vyeusi au vya manjano vyenye kunata vikirushwa kutoka kwenye matundu, ujue vibao vyako havizibi tena mahali vinapopaswa kuziba, na hewa iliyokusudiwa kuja usoni inavujia miguuni au kwenye kioo. Kwenye gari linaloendesha vibao kwa kebo, kebo iliyochomoka au iliyokatika huacha kibao nusu njia. Utahisi kitufe kikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida. Kwenye yale yanayotumia mota ndogo za umeme, utasikia mlio wa tak-tak-tak baada ya kubadilisha mwelekeo, nayo ni meno ya plastiki yaliyovunjika. Kwenye yale yanayotumia mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, hewa huhamia kwenye kioo cha mbele unapopanda mlima au kukanyaga mafuta kwa nguvu, kisha hurudi unapoachia. Hapo tafuta mpira mwembamba uliopasuka au valvu ya kuzuia hewa kurudi iliyochoka. Na kama dashibodi yako iliwahi kufunguliwa ili kufunga redio au kubadilisha taa, ingiza mkono nyuma yake feni ikiwa imewashwa. Ukihisi upepo wa baridi ndani ya dashibodi kuliko kwenye tundu lenyewe, bomba la plastiki limeachana na mwenzake.

Kwa gari lako mahususi, ningefuata mpangilio huu. Chujio kwanza, kisha pangaboi la feni, na wakati mota iko nje au rezista imetolewa, ningeitazama evaporeta kwa macho. Kwa jinsi ulivyoeleza, naamini utaikuta imefunikwa. Usikubali fundi aguse gesi kabla ya hatua hizo tatu, na akikuambia ataongeza kidogo tu ili kujaribu, mwombe kwa heshima akuonyeshe kwanza upepo unaopita.

Upepo ukisharudi, usiipime gesi iliyomo kwa geji peke yake. Ivutwe yote, mfumo uvutwe hewa kwa mashine angalau nusu saa ili unyevu utoke, kisha irudishwe kwa kupimwa kwenye mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye stika iliyo chini ya boneti. Magari madogo mengi huhitaji kati ya gramu 400 na 700, na tofauti ya gramu 100 kwa mfumo mdogo kiasi hicho si jambo la kupuuza. Kama stika imefutika, kitabu cha gari kina kiasi hicho pamoja na aina ya mafuta ya kompresa. Baada ya hapo weka kipimajoto kwenye tundu la katikati, feni ikiwa spidi ya wastani na injini ikizunguka takriban mara 1,500 kwa dakika, na uache kwa dakika kumi. Nyuzi 5 hadi 10 katika hali ya hewa isiyo ya joto kali ni matokeo mazuri kwa gari la umri huo. Kisha liendeshe kwa saa nzima bila kuzima kiyoyozi, na urudie jaribio la karatasi mwishoni. Karatasi ikipeperuka kama ilivyopeperuka mwanzoni, barafu haifanyiki tena, na sensa yako inafanya kazi. Ikilegea, mwambie fundi aanze na sensa hiyo au thamostati, na aangalie kama kompresa inakatwa kabisa inapopaswa kukatwa.